Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: somo la Biashara lipewe michezo, na michezo ipewe muda wa mjadala

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Na Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA).

Nakala: TAMISEMI, TAKUKURU na Wakala wa Vipimo.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa somo la Biashara katika shule ya sekondari ya kata, huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye ukanda wa viazi mviringo. Kwa miaka mingi masomo yetu yalikuwa ya mchepuo. Wachache waliyachukua, wengi walimaliza kidato cha nne bila kuyagusa. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umebadili hilo, na Biashara sasa ni somo la lazima. Kwa uamuzi huo nawapongeza kwa dhati. Nchi ambayo vijana wake wengi watajiajiri haiwezi kuiacha elimu ya biashara mikononi mwa bahati.

Ombi langu linahusu sehemu moja ya somo hili, ile ya maadili. Naomba ifundishwe kwa michezo iliyotungwa kwa makusudi hayo, naomba kila mchezo uambatane na muda wa kutosha wa mjadala, na naomba kazi hiyo ihesabiwe kwenye tathmini endelevu. Bila hilo la mwisho, nawaambia ukweli, hakuna mwalimu mwenye darasa kubwa na mada za kumaliza atakayethubutu kutoa vipindi viwili kwa jambo lisilo na alama.

Wanafunzi wangu hawana upungufu wa kujua. Nikianza kauli ya TRA, "ukiuza toa risiti," darasa zima linaimalizia, "ukinunua dai risiti." Jioni hiyohiyo mmoja wao yuko dukani kwa mjomba wake, mteja anaulizwa kama anataka bei ya risiti au bei bila risiti, na mtoto huyo ndiye anayefunga mzigo na kurudisha chenji. Kwenye mtihani ataandika hoja tano za umuhimu wa uaminifu katika biashara, na mimi nitampa alama zote kwa sababu hoja zake ni sahihi. Lakini hajawahi hata mara moja, mbele ya mwalimu wake, kuchagua kati ya faida iliyo mkononi na haki ya mtu asiyemwona. Uchaguzi huo ataufanya kwa mara ya kwanza akiwa sokoni, akiwa na deni, na watu wazima wakimwambia kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kuandika maadili kwenye karatasi hakujawahi kutosha, hata kwa wakubwa. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliwapa wafanyakazi wake mwaka 2000 kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Mwaka uliofuata ilifilisika baada ya kubainika kwamba madeni yalikuwa yamefichwa na mahesabu yamepikwa. Waliopika walikuwa wasomi, na kitabu walikuwa nacho.

Sasa niwaeleze tunachofanya huku kwetu.

Mnajua lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Anayepita barabara kuu wakati wa mavuno ataona magunia yaliyoshonewa kilemba cha wavu na kamba juu, yakisimama marefu kuliko mtu aliyeyafunga, yenye kilo 130 au zaidi. Mkulima analipwa kwa gunia. Zile kilo za juu hazilipiwi. Wakala wa Vipimo wamehubiri, wamekamata, wamepiga faini, na lumbesa ipo. Nao wakulima si malaika. Kanda ya Ziwa wapo waliomwagia pamba maji na kuichanganya na mchanga ili mizani iwape zaidi. Kusini, kwenye korosho, kuna kangomba: mtu anamfuata mkulima mwenye njaa kabla ya msimu, ananunua korosho zilizo bado mtini kwa bei ya kutupa. Kila kanda ina jina lake la kupunja.

Mchezo wetu tumeuita Gulio. Kundi moja lina watu saba: wakulima watatu, madalali wawili, mnunuzi wa mjini na afisa vipimo. Maharage ndiyo viazi. Bahasha za kaki ndizo magunia. Vifuniko vya soda ndizo fedha. Mizani ni rula, uzi na vikopo viwili. Kila msimu mkulima anavuta kadi: mvua nzuri, au ukungu wa viazi, au mtoto amefukuzwa ada na fedha inahitajika leo. Gunia halali ni maharage 20, lakini dalali ana bahasha kubwa inayomeza 26, na bei inatajwa kwa gunia. Mkulima, kwa upande wake, ana kokoto mfukoni, na hakuna kanuni inayomzuia kuziweka chini ya bahasha. Mnunuzi hufungua mzigo ukishafika mjini, yaani upande wa pili wa darasa, fedha zikiwa zimeshalipwa. Akitaka mzigo upimwe kabla, anatoa kifuniko kimoja kwa ajili ya vipimo. Afisa vipimo mshahara wake ni mdogo, na dalali anaruhusiwa kumvuta pembeni wakaongea.

Msimu wa kwanza kwa kawaida huenda vizuri. Wa pili, dalali mmoja anatoa ile bahasha kubwa. Mkulima halalamiki, anajibu kwa kokoto. Msimu wa tatu mnunuzi ameshaumia, na kwa kuwa hawezi kujua gunia lipi lina mawe, anashusha bei kwa wote. Hapo yule mkulima ambaye hakuweka hata kokoto moja analipwa sawasawa na aliyejaza nusu mawe. Ukifika msimu wa tano utamsikia mmoja anasema halimi tena, hakuna maana. Soko limekufa mezani, na hakuna aliyekusudia kuliua.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika akieleza jambo hilihili: mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, hulipa bei ya wastani, na mwenye kizuri hujitoa sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mimi nilisoma nadharia hiyo chuoni nikaikariri. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameigundua wenyewe, kwa maharage, na sijui njia nyingine ambayo ningeweza kuitumia kuwafikisha pale kwa dakika themanini.

Lakini sehemu ninayotaka muizingatie kuliko zote ni ile inayofuata mchezo ukiisha.

Kulikuwa na binti mmoja, mkulima, ambaye misimu yote alijaza bahasha yake kwa haki. Mwishoni alikuwa na vifuniko viwili. Kijana mmoja wa kundi hilohilo, dalali, alikuwa na rundo. Alitumia bahasha kubwa tangu mwanzo na alikuwa ameshamhonga afisa vipimo. Darasa lilimshangilia, wakamwita tajiri, na yule binti wakamcheka. Kama kengele ingelia dakika ile na wote wakatoka, somo ambalo wangeondoka nalo lisingekuwa na utata wowote: mwizi hodari hushangiliwa.

Tulikaa kwenye duara. Sikuwauliza nani alifanya vibaya. Nilimuuliza mnunuzi kwa nini msimu wa tatu alimshushia bei huyu binti ambaye mzigo wake ulikuwa safi. Akasema, "Mwalimu, sikujua gunia lake ni lipi." Binti akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo kokoto zao nimezilipa mimi."

Kicheko kilikatika. Kijana mmoja mkulima akajitetea kwamba asingeweka kokoto kama dalali asingeleta lumbesa. Dalali naye akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na mitano: kwamba kwenye kadi zake, gharama ya usafiri na ya kupakia imeandikwa kwa gunia, si kwa kilo, hivyo kila anapokuza gunia anapunguza gharama. Ni kweli kabisa, na ndivyo ilivyo stendi na kwenye malori. Mtu anayelipia kwa idadi ya magunia atataka magunia makubwa. Wakaanza kubishana kama lumbesa ni dhambi ya dalali, au ya aliyepanga malipo hivyo, au ya wote wawili. Mwishowe waliomba turudie mchezo kwa kanuni moja mpya waliyoitunga: bei iwe kwa uzito, na wakulima wachangie vifuniko wanunue mizani yao. Tulirudia. Bei ilipanda. Kisha ukazuka ugomvi mwingine mkubwa, nani akae na mizani, na huo hatukuumaliza.

Katika vipindi viwili watoto walikuwa wamepita kwenye tamaa, kisasi, hasara ya asiye na kosa, rushwa, mfumo unaoshawishi watu kukosea, na ushirika. Kwenye kitabu cha kiada mambo hayo yangekuwa orodha ya kukariri.

Kwa hiyo ninaposema michezo, naomba isieleweke kwamba mchezo wowote unatosha. Historia ina onyo. Mwaka 1904 mwanamke mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mchezo wa mezani aliouita The Landlord's Game. Alikuwa mfuasi wa Henry George, mwanauchumi aliyepinga watu wachache kutajirika kwa kodi ya pango la ardhi, na mchezo ulikuwa wa kuwaonyesha watu jinsi mwenye ardhi anavyowamaliza wengine. Aliutungia kanuni za aina mbili: za kwanza mmoja anamiliki kila kitu na wengine wanafilisika, za pili mali inapoongezeka wote wananufaika. Mchezo ulisambaa, watu wakaubadilisha mkono kwa mkono, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikanunua hataza yake kwa dola 500 huku ikiuza mchezo uliozaliwa humo, Monopoly. Kanuni zilizobaki ni zile za kufilisiana. Mamilioni ya familia duniani wamecheza kitu kilichotungwa kuwaonya dhidi ya uhodhi, na wakajifunza kuufurahia. Mjadala uliondolewa, makusudi yakaondoka nao.

Kuna njia nyingine ya kupotea, nayo ndiyo ninayoihofia zaidi kwa ofisi zetu. Lockheed, kampuni ya ndege ya Marekani, ilikumbwa na kashfa ya kuhonga viongozi wa nchi za nje katika miaka ya 1970. Kashfa hiyo na nyingine za wakati ule zilichangia Marekani kutunga mwaka 1977 sheria ya kuzuia kampuni zake kuhonga maofisa wa nje. Baadaye, ikiwa imeungana na Martin Marietta na kuitwa Lockheed Martin, ilitoa mwaka 1997 mchezo wa maadili kwa wafanyakazi wake, wenye katuni za Dilbert: unasomewa kisa, unajadiliana na wenzako, unachagua jibu, kila jibu lina pointi zake. Nawaheshimu kwa kuthubutu, na visa vya namna ile vinaamsha mazungumzo. Ila jibu linapokuwa na pointi zilizoandikwa tayari, mchezaji haulizi tena lipi ni haki, anauliza mtunzi alitaka nini. Kwa wanafunzi wa Tanzania, tuliozoea kuotea maswali ya kuchagua tangu darasa la nne, mchezo wa aina hiyo utakuwa mtihani wenye dadu. Watapata pointi zote na kurudi dukani kwa mjomba.

Mchezo unaofundisha maadili ni ule ambao uaminifu una gharama ndani yake. Mtoto akiweza kushinda kwa kuwa mwema bila kupoteza chochote, tumemdanganya. Na lazima kuwe na kitu kilichofichika. Hapa najibu wale wanaoniambia tutumie bao, kwa kuwa ni letu. Nalipenda bao, na kijiweni kwetu wazee wanalicheza hadi magharibi. Lina mashimo 32 na kete 64, zote ziko wazi, na ukichezea hesabu watazamaji watakupigia kelele kabla hujatoa mkono. Kwa hesabu na uvumilivu halina mpinzani. Lakini kupunja huzaliwa pale ambapo mmoja anajua kilichomo ndani ya gunia na mwingine hajui, na kwenye bao hakuna gunia.

Jambo jingine ambalo watunzi wenu watalihitaji ni idadi ya misimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alishindanisha programu za kompyuta katika mchezo ambao kila upande unachagua kushirikiana au kusaliti, tena na tena. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako alivyokutendea mara iliyopita. Funzo lake kwa mwalimu ni hili: watu wanaojua watakutana tena hujizuia. Mchezo wa msimu mmoja utafundisha kwamba kupunja kunalipa, kwa sababu kwa msimu mmoja kweli kunalipa. Na ukiwatangazia kwamba huu ndio msimu wa mwisho, utaona kokoto zinavyomwagika hata kutoka kwa wale waliokuwa wema. Mimi siwaambii. Nasimamisha mchezo tu ninapoona panatosha, halafu swali la mjadala linakuwa: mngejua ni mwisho, mngefanya nini, na kwa nini?

Najua pingamizi zitakazoletwa mezani kwenu.

Wazazi watasikia neno michezo na kufikiria kubeti. Hofu yao ni ya haki kabisa. Vijana wetu wanamalizia fedha za nauli kwenye mikeka, na sheria inayowazuia walio chini ya miaka 18 inavunjwa mchana kweupe. Ndiyo maana mchezo wa shuleni usiguse fedha halisi hata shilingi, zawadi isiwepo, na alama zisitolewe kwa mwenye vifuniko vingi. Alama zitolewe kwa maandishi ya mwanafunzi baada ya mjadala: aliamua nini, nani aliumia, angebadili kanuni gani na kwa sababu gani. Hilo NECTA wanaweza kulitungia vigezo vya kusahihisha bila shida, kama wanavyofanya kwa insha.

Wengine watasema madarasa ni makubwa. Ni makubwa. Lakini mchezo wa makundi unalimudu darasa kubwa kuliko ubao, kwa sababu watoto saba wanasimamiana wenyewe. Kinachohitajika ni madawati yanayosogezeka na mwalimu asiyeogopa kelele, pamoja na mkuu wa shule na mthibiti ubora ambao wakisikia kelele hizo hawatadhani darasa limeachwa. Andikeni kwenye mwongozo wa mwalimu kwamba kelele zinatarajiwa. Mstari huo mmoja utatusaidia sana.

Kuhusu gharama, nawasihi msianze na vishikwambi. Akija mfadhili anataka kuwapeni programu ya simu yenye rangi nyingi, mshukuruni, lakini muulizeni mjadala unafanyikia wapi. Mtoto anayemdanganya roboti hajifunzi kile anachojifunza akimdanganya jirani yake wa dawati na kisha kutazamana naye usoni. Maharage, bahasha na vifuniko vya soda vinapatikana kila kata, na umeme ukikatika mchezo unaendelea.

Na lugha. Somo la Biashara linafundishwa kwa Kiingereza, sitaki kuufufua mjadala huo mzima hapa. Naomba tu mwongozo useme wazi kwamba mchezo na mjadala wake viendeshwe kwa Kiswahili, hata kama maandishi ya kupimwa yatakuwa kwa Kiingereza. Dalali hakuwahi kumbembeleza mkulima kwa Kiingereza. Mtoto anayetafuta msamiati hawezi wakati huohuo kutafuta dhamiri yake, na yule binti wa vifuniko viwili angekaa kimya siku ile, nina hakika.

TET, ninachowaomba ni mwongozo wenye michezo michache iliyojaribiwa shuleni kabla ya kuchapishwa, kila mmoja ukitoka kwenye biashara ya eneo: viazi na mahindi kwetu, pamba na dagaa Kanda ya Ziwa, korosho na ufuta Kusini, maduka na mafundi simu mijini. Walimu washirikishwe kutunga, siyo kuitwa semina kupokea. Ongezeni kurasa nyingi za maswali ya mjadala kuliko kurasa za kanuni. Mwalimu asiye na uzoefu anaweza kuendesha mchezo kwa kusoma kanuni, ila mjadala ukimshinda ataishia kuhubiri, na akianza kuhubiri watoto watarudi kwenye majibu ya mtihani.

TAKUKURU wana klabu za wapinga rushwa mashuleni. Nimeona zikiandaa ngonjera na maigizo ambayo mla rushwa daima ni mtu mwenye kitambi anayekamatwa dakika ya mwisho. Wapeni klabu hizo kiti cha afisa vipimo wa mchezo wetu. Waone jinsi mtu wa kawaida, mwenye nia njema na mshahara mdogo, anavyosogea hatua moja moja mpaka anajikuta ameshachukua. Wakala wa Vipimo nao, badala ya kuja na vipeperushi siku ya maonesho, watuletee mizani halisi kwa wiki moja na ofisa wa kujibu maswali ya watoto. Ataulizwa magumu, ajiandae.

TAMISEMI mnahusika kwa njia ya pekee. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu marejesho na vikundi hewa. Mafunzo yanayotolewa kabla ya mkopo, niliyoyaona, ni ya kujaza fomu na kutunza daftari la mahesabu. Ongezeni nusu siku ya mchezo ambao kikundi kimepewa mkopo wa vifuniko, mwanachama mmoja amepata msiba, mwingine ametoroka na mtaji, na mweka hazina ni shemeji wa mwenyekiti. Wacheze na wabishane kabla fedha za umma hazijawafikia. Wengi wao hawatarudi shuleni tena, na hiyo ndiyo nafasi iliyobaki ya kukutana nao.

Siahidi kwamba mtoto aliyecheza Gulio hatashona kilemba akiwa mkubwa. Akirudi kwenye soko ambalo usafiri bado ni kwa gunia, bei bado ni kwa gunia na mizani haipo, shinikizo litakuwa palepale, na shule haiwezi kubeba peke yake kazi ya Wakala wa Vipimo na mahakama. Ninachokiona ni kwamba watoto hawa wanaanza kuuliza. Mmoja alikwenda nyumbani akamuuliza baba yake kwa nini anauza viazi bila kupima. Baba alikuja shuleni. Nilidhani amekuja kugomba, kumbe alitaka kuiona ile mizani ya rula, na tukaishia kuzungumza kuhusu ushirika wa kijiji kununua mizani ya kweli. Hawajanunua bado, fedha haijatosha. Wanaendelea kuchanga.

Kanuni za Gulio na maswali ya mjadala nimeshaziandika, zinaenea kwenye karatasi chache. Nazitoa bure kwa TET, zirekebishwe na zitumike bila kunitaja. Wenzangu wa shule jirani wako tayari madarasa yao yatumike kwa majaribio. Tunaomba mtume watu wakati wa mavuno, siku ya gulio lenyewe, ili asubuhi waone magunia yanavyofungwa sokoni na mchana wakae na wanafunzi darasani. Na tunaomba jibu lije kabla miongozo ya walimu haijachapishwa upya, maana ikishachapishwa tutasubiri miaka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa somo la Biashara,
Shule ya sekondari ya kata, Nyanda za Juu Kusini